Point Lenana kwa njia ya Sirimon: ratiba ya siku tano kutoka Nairobi

Ratiba ya Mlima Kenya inayopendwa na wafanyakazi wa Nairobi ni ya wikendi. Unatoka mjini Ijumaa alfajiri, unalala kambi ya Old Moses, Jumamosi unalala kambi ya Shipton, Jumapili macheo yanakukuta kilele cha Point Lenana, na usiku huohuo umerudi nyumbani. Wapo wanaofika kileleni hivyo. Wengine wengi hufika huku wakitapika, au hugeuzwa Shipton bila kukiona kilele, nao ni watu wenye miguu imara kabisa. Mwili wao haukupewa usiku wa kutosha kuizoea hewa nyepesi.

Hesabu ni hii. Lango la Sirimon liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, Old Moses mita 3,300, Shipton mita 4,200, na Point Lenana mita 4,985. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 kwa siku moja. Kwa hiyo ratiba ya wikendi inavunja kanuni palepale panapoumiza, halafu saa chache baadaye inakuamsha upande mita 800 zaidi gizani. Ukiongeza usiku mmoja kabla ya hatua hiyo, safari inabadilika kabisa. Mwongozo huu umejengwa juu ya usiku huo mmoja.

Lini, na kwa ruhusa gani

Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Januari na Februari anga huwa safi zaidi na usiku huwa na baridi kali zaidi. Aprili, Mei na Novemba achana nayo: njia hugeuka tope, na ukungu hukunyima hata mtazamo wa Batian, kilele kirefu kuliko vyote, uliousafiria. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, hata katikati ya kiangazi, kwa hiyo usipange mavazi kwa kuangalia kalenda peke yake.

Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kabla ya kufika, kwa sababu langoni hakuna kupokea pesa taslimu. Raia wa Kenya hulipa kiwango chake, na lazima aonyeshe kitambulisho halisi, si picha kwenye simu. Mabanda ya Old Moses na Shipton hulipiwa mbali na ada ya hifadhi, nayo huwahi kujaa msimu wa kiangazi. Weka nafasi mapema ama ubebe hema. Walinzi hawamruhusu mtu kupanda peke yake, kwa hiyo tafuta mwongozaji aliyesajiliwa. Nanyuki wapo wa kutosha. Muulize swali moja kabla ya kukubaliana bei: mtu wa kundi akianza kuyumba saa sita usiku pale Shipton, utafanya nini? Anayejibu kwamba atamshusha usiku huohuo ndiye wa kwenda naye. Anayejibu kwamba mtasubiri kupambazuke, mshukuru na uendelee kutafuta.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Beba chupa ngumu mbili za lita moja, na moja iwe ya kuhimili maji moto. Utaona sababu yake mbele.

Mazoezi, wiki nane kabla

Anza na Ngong, ambako kilele cha juu kina mita 2,460. Yapite matuta yote hadi upande wa Kona Baridi ukiwa na begi la kilo 8. Wiki ya nne nenda Longonot, mita 2,776, uzunguke ukingo wote wa shimo lake badala ya kupanda hadi ukingoni tu na kurudi. Wiki ya sita nenda Elephant Hill katika Aberdare, unaopita mita 3,500. Hapo ndipo utakapojua kama buti zako zinafaa, maana tope lake halina huruma. Katikati ya wiki panda ngazi. Jengo la ghorofa tano, mara kumi, begi mgongoni, na ushuke kwa miguu pia, kwa sababu kinachoumiza magoti mlimani ni mteremko.

Mazoezi haya hujenga misuli na pumzi. Hayakuzoeshi mwinuko, kwa sababu mwili huzoea pale unapolala, nawe ulilala Rongai au Kasarani. Ndiyo maana mwanariadha anaweza kuugua Shipton huku mama wa miaka 60 aliyetembea polepole akinywa chai kando yake.

Vifaa, na jinsi ya kuvipata kwa bei nafuu

Si lazima ununue vipya. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi yana makoti ya mlimani, flisi na suruali za kuzuia upepo kwa bei ndogo mno ukilinganisha na za dukani, ila lazima ujue unatafuta nini. Soma lebo ya ndani. Sufu, polista na nailoni ni sawa. Pamba iache. Jinzi na hudi za pamba hunyonya jasho, hazikauki, na jasho hilo hugeuka baridi mara tu unaposimama kupumzika.

Buti za mtumba zinahitaji uangalifu wa pekee. Tabaka laini lililo kati ya ngozi na soli huoza lenyewe kwa umri, hata kama buti haijavaliwa. Ikunje buti kwa nguvu, kisha bonyeza tabaka hilo kwa ukucha. Likimeguka kama mkate mkavu au likionyesha nyufa ndogo, irudishe. Soli ya aina hiyo hung'oka siku ya pili, ukiwa umebaki na kilomita 20 za kutembea. Chukua namba inayoacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino, kwa sababu miguu huvimba na soksi za sufu ni nene. Itembelee walau kilomita 40 kabla ya safari.

Mwilini utahitaji nguo ya ndani ndefu juu na chini, flisi, koti nene la manyoya ya bata au la sponji nyepesi, na juu ya vyote koti na suruali ya mvua. Ongeza kofia ya sufu, kofia ya jua, na glavu jozi mbili: nyembamba za ndani na nzito za juu. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 10 chini ya sufuri. Hii ndiyo bidhaa ya kukodi, Nairobi au Nanyuki, kuliko kununua kwa safari moja. Beba tochi ya kichwani yenye betri mpya pamoja na betri za akiba, miwani ya jua nyeusi, na losheni ya jua ya SPF 50. Watu weusi wengi huipuuza losheni. Karibu mita 5,000 juu, kwenye ikweta, jua linaakisi kwenye theluji na kuchoma chini ya kidevu na ndani ya pua; midomo hupasuka ndani ya siku mbili. Fimbo mbili za kutembelea zitaokoa magoti yako wakati wa kushuka.

Ukichukua mpagazi, pima mzigo wake kwa mizani kabla ya kuondoka. Kilo 15 zinatosha. Hakikisha naye ana koti na mahali pa kulala. Hilo ni jukumu lako, maana anatembea kwa sababu yako.

Chakula kinachoiva

Hapa makundi mengi hukosea kwa sababu hupika kama walivyozoea nyumbani. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Shipton huchemka karibu nyuzi 86. Maharagwe hayaivi huko hata uchemshe mchana kutwa, mchele hubaki na kiini kigumu, na ugali huchukua muda na gesi nyingi. Pika githeri nyumbani, iive kabisa, uibebe kwa usiku wa kwanza tu. Baada ya hapo tegemea tambi nyembamba, uji wa unga laini, viazi vitamu na nduma zilizochemshwa tayari, chapati, mayai ya kuchemsha na supu ya pakiti. Moto wa kuni hauruhusiwi katika hifadhi, kwa hiyo ni jiko la gesi. Karanga, njugu, tende na chokoleti viwe mfukoni, si chini ya begi, kwa sababu juu ya mita 4,000 hamu ya kula hupotea na mtu hula kile tu ambacho mkono unakifikia.

Kunywa lita 3 hadi 4 kwa siku, ukihesabu chai na supu. Kipimo ni mkojo: ukiwa na rangi ya majani ya chai, umechelewa. Maji ya mito yachemshe au uyatie dawa, hata yakiwa safi kwa macho.

Siku ya kwanza: Nairobi hadi Old Moses

Matatu za Nanyuki huondoka mjini upande wa Accra Road. Panda ya saa kumi na mbili asubuhi. Safari ya kilomita 200 hivi kupitia Kenol na Karatina huchukua takribani saa nne. Nanyuki nunua mboga na matunda, kisha ukodi gari hadi langoni: kama kilomita 15 kwa barabara ya Meru, halafu kama kilomita 10 za kupanda kulia.

Kutoka langoni hadi Old Moses ni kilomita 9 za barabara ya gari, mwendo wa saa tatu hadi nne. Gari la magurudumu manne linaweza kukufikisha juu. Kataa. Kupanda kwa miguu taratibu ndio mwanzo wa kuzoea. Msituni kaeni pamoja na mzungumze kwa sauti ya kawaida ili nyati na ndovu wawasikie mapema.

Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa kuimaliza, punguza mwendo. Kanuni hii ni ya siku zote tano.

Siku ya pili: usiku wa ziada

Mnabaki Old Moses. Baada ya kifungua kinywa pandeni njia ya Shipton kwa saa tatu hivi, hadi karibu mita 3,800, kaeni huko nusu saa mkila, kisha mrudi kulala mita 3,300. Mwili huamshwa na mwinuko wa mchana, halafu hujirekebisha usiku mahali pa chini zaidi.

Wenye hema wana chaguo bora zaidi: kulala siku ya pili Liki North, mita 3,993, na siku ya tatu kumalizia mwendo mfupi hadi Shipton. Hatua ya mita 900 inagawanyika mara mbili, ingawa ya kwanza bado inazidi mita 500. Banda la huko ni bovu, usilitegemee.

Ukiulizwa kama usiku wa ziada ungefaa zaidi Shipton, jibu letu ni hapana, isipokuwa una usiku mbili za ziada. Shipton mtu huwa ameshaugua. Ukiwa na usiku huo wa pili, lala Shipton mara mbili na mchana panda hadi Hausburg Col, mita 4,591, urudi.

Siku ya tatu: Shipton

Kilomita 14, saa sita hadi nane. Ondokeni saa moja asubuhi, kwa sababu mawingu hupanda karibu na adhuhuri na mvua au mawe ya barafu hufuata alasiri. Njia inapita mbuga ya nyasi ngumu na vichaka vya erika, inavuka mabonde, kisha inaingia bonde la Mackinder, ambako mimea mikubwa ya lobelia na senesio husimama kama watu waliofunikwa mablanketi. Mwisho kuna mwinuko mkali kupita mapango ya Shipton. Hapo ndipo watu huongeza kasi kwa kuwa wameona mwisho, na hapo ndipo kichwa huanza kugonga. Endelea na mwendo uleule.

Ukifika, badili nguo za jasho kabla ya kuketi. Funga chakula vizuri, maana pimbi wa Shipton huingia begi lililo wazi mchana kweupe. Kuleni saa kumi na moja jioni, laleni saa moja. Jaza maji moto kwenye ile chupa ngumu, ivalishe soksi, na uiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi inakuwa maji ya kunywa ambayo hayajaganda. Simu na betri za tochi zilale nawe pia, kwa kuwa baridi humaliza chaji.

Kumtambua mgonjwa

Kichwa kidogo kuuma baada ya kufika ni kawaida. Kunywa maji, kula, meza panadol. Kichwa kikiendelea pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usioisha, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na mtu huyo hapandi hatua nyingine hadi dalili ziishe. Zisipoisha, anashuka.

Dalili mbili hazisubiri hata saa moja. Ya kwanza ni kuyumba. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, hatua kumi. Akishindwa kama mlevi, au akianza kusema maneno yasiyo na mpango, ubongo wake unavimba. Ya pili ni kuhema akiwa ameketi tu, pamoja na kikohozi na mlio wa maji kifuani, kwa kuwa mapafu yanajaa maji. Wote wawili wanashushwa papo hapo, usiku au mchana, wakiongozana na mtu mzima, hadi Old Moses na chini zaidi. Dawa hununua muda tu; tiba ni kushuka.

Kuhusu Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko: kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari Nairobi kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakufanya ukojoe sana na vidole vitachonyota. Hilo ni la kawaida. Dawa za usingizi na pombe ziache nyumbani, kwa sababu hupunguza kupumua usiku.

Jambo linalowaponza Wakenya wengi ni aibu. Mtu anaficha maumivu ili asiwarudishe wenzake. Kubalianeni Nanyuki, kabla ya kupanda, kwamba kila jioni kila mmoja atataja hali yake kwa sauti, na kwamba atakayegeuka hatachekwa.

Siku ya nne: kilele

Amkeni saa saba na nusu usiku, chai na biskuti, ondokeni saa nane na nusu. Sababu za kupanda gizani ni mbili: asubuhi anga iko wazi, na kokoto za mteremko zimeganda pamoja. Jua likizipasha, kila hatua mbili unateleza moja.

Anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Anayeondoka na makoti yote hutoka jasho ndani ya dakika 20, kisha huganda juu. Koti nene liwe juu kabisa kwenye begi, livaliwe kila mkisimama. Pumzika kwa dakika mbili ukiwa wima, si kumi ukiwa umeketi. Baada ya kama saa mbili na nusu mnafika kidimbwi cha Harris Tarn. Kutoka hapo ni mwamba na theluji kidogo, na karibu na kilele kuna vyuma vya kushikilia vilivyopigiliwa kwenye jiwe. Shika kwa glavu, kwa sababu chuma kilichoganda hung'ang'ania ngozi. Fimbo zikunje ufunge kwenye begi kabla ya hapo ili mikono iwe huru. Kukiwa na barafu ngumu kwenye mwamba huo na hamna vifaa vyake, geukeni. Weka saa ya mwisho pia: ikifika saa mbili asubuhi bila kilele, popote mlipo, ni kurudi.

Juu ni nyuzi 5 hadi 10 chini ya sufuri, na upepo huzidisha. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, viko mbele yako. Hivyo ni vya kamba na wapanda miamba. Vilele hivi vitatu vina majina ya malaibon (viongozi wa kiroho) wa Kimaasai na ndugu zao, Mbatian, Nelieng na Olonana, yaliyopindwa katika ramani ya Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899. Bendera ya Kenya ilipandishwa mlimani humu na Kisoi Munyao usiku wa uhuru, Desemba 1963. Piga picha, usikae zaidi ya dakika 20.

Kushuka hadi Shipton ni saa mbili hivi. Kunja magoti kidogo, kisigino kitangulie kwenye kokoto, na kila mtu aache nafasi ili mawe yanayoporomoka yasimpige wa mbele. Kuleni vizuri, pakieni, na kufikia saa nne muwe njiani. Kilomita 14 hadi Old Moses ndizo zinazovunja watu, kwa sababu akili imeshamaliza safari. Ajali za vifundo vya miguu hutokea hapa. Kaza kamba za buti sehemu ya juu ya mguu ili vidole visigonge mbele. Usipofanya hivyo, kucha za vidole gumba zitakuwa nyeusi kesho.

Siku ya tano

Old Moses hadi langoni ni saa mbili na nusu za mteremko laini. Takataka zote mnashuka nazo, pamoja na karatasi za chooni kwenye mfuko uliofungwa. Gari la kuwachukua liitwe siku ya kwanza na liambiwe saa tano, kwa kuwa mtandao wa simu mlimani hauaminiki. Mchana mko Nanyuki, na matatu ya saa nane itawafikisha Nairobi kama saa kumi na mbili jioni. Ndani ya gari nyosha miguu kila ikisimama. Kichwa kikikuuma bado baada ya kulala nyumbani usiku mmoja, au kikohozi kikiendelea, nenda hospitali na umwambie daktari ulilala mita ngapi na usiku ngapi.